Saa Moja Kabla ya Kipenga

Nina kazi mbili. Ya kwanza, ambayo hunipa riziki, ni kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Ya pili, ambayo hunipa nauli na aghalabu matusi, ni kuamua michezo ya mpira wa miguu ya vijana wa mitaani siku za Jumamosi na Jumapili. Kazi ya kwanza niliisomea miaka mingi mpaka nikavishwa joho la udaktari. Ya pili niliisomea majuma machache katika darasa la shule ya msingi, nikikalia dawati lililonibana magoti, nikafanya mtihani wa kanuni 17, nikapewa cheti. Walakini katika kazi hizi mbili ni ile ya pili initetemeshayo. Nimesimama mbele ya wanafunzi mia nne pasipo kumeza mate. Usiku wa kuamkia siku ya kuitetea tasnifu yangu nililala usingizi mzuri. Lakini mpaka leo, baada ya miaka kumi na mmoja ya kupuliza kipenga, siwezi kula chakula cha mchana siku ya mchezo.

Nataka kuieleza hali hiyo kama ilivyo. Wachezaji huandikwa habari zao, na walimu wa timu huandikwa habari zao. Mwamuzi huandikwa akikosea tu, na hata hapo huandikwa kosa, si mtu.

Huanza Ijumaa usiku. Huzitoa nguo zangu nikazinyoosha, nikafuta viatu ambavyo nilikwisha kuvifuta siku ya Alhamisi, kisha nikapanga vitu juu ya kitanda: vipenga viwili, saa mbili, kadi mbili, penseli fupi, kijitabu, na sarafu ya kurusha. Kipenga cha pili ni kwa hofu ya cha kwanza kisije kikaingia mchanga. Saa ya pili ni kwa hofu ya saa ya kwanza kusimama. Na kama ingewezekana ningechukua na macho mawili ya akiba. Mke wangu, ambaye hajapata kuutazama hata mchezo mmoja niliouamua, huijua hali hii kuliko niijuavyo mimi. Siku ya Jumamosi hanitajii habari ya ada za shule wala ya bomba linalovuja. Hunitilia chai, akaiacha mezani ipoe, akaja kuiondoa bila ya neno. Naamini kuwa wake wa waamuzi wakikaa wakaandika, wataandika kitabu bora kuliko insha hii.

Uwanjani hufika saa moja kabla ya mchezo, yaani saa tisa alasiri, wakati mchanga bado umoto. Viwanja vyetu vya mtaani hapa Dar es Salaam vyafanana: ni uwanja wa shule, una malango ya mabomba ya chuma yasiyo na nyavu, mistari yake hupigwa kwa chokaa, na chokaa ikikosekana hupigwa kwa majivu. Njia ya miguu hukata pembe moja ya uwanja, na wapitao na ndoo za maji hawaoni sababu ya kuzunguka eti kwa kuwa watu wazima ishirini na wawili wanafukuza ngozi iliyotiwa upepo. Huanza kwa kukagua. Husukuma milingoti nione kama imekaa imara. Hupima kwa hatua mahali pa kupigia penalti, mita 11 kutoka katika mstari wa lango, ambazo kwa miguu yangu ni hatua kumi na mbili. Na mara nyingi alama iliyowekwa na wenyeji huwa imesogea mbele au nyuma kwa kadiri ya nguvu za mlinda lango wao.

Wakati huo ndipo mwili unaposhikwa. Viganja hulowa, kinywa hukauka. Huenda msalani mara tatu, na mara ya tatu huenda kwa ajili ya kujificha tu. Masikio huwa makali kuliko kawaida, hata nasikia maneno ya watu waliosimama mbali, nao wakicheka nadhani wanichekao ni mimi. Kisha timu huja. Imepata kutokea kwamba moja haitaki kupita mlangoni kwa kuwa imeambiwa pamezikwa kitu, ikapanda ukuta. Mimi siyaamini mambo hayo. Lakini nimemwona mlinda lango aliyekataa kusimama mahali pake mpaka mchanga ufukuliwe, nami ikanipasa kungoja na kipenga mkononi, maana zile kanuni 17 hazikutaja hirizi.

Kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu, nimejaribu mara nyingi kuipatia hali hii jina lake. Si woga, kwa kuwa woga ni tabia ya mtu, na mwoga huonekana kwa kukimbia. Waamuzi niwajuao mimi hawakimbii, huja tena Jumamosi ya pili na bonge la uvimbe kichwani. Hofu imekaribia, lakini hofu huwa na kitu chake kijulikanacho: mtu huhofu simba, huhofu njaa. Wasiwasi ni neno zuri zaidi, kwa maana ni mnong'ono wa shaka usemao ndani ya sikio lako mwenyewe. Lakini neno ninalolipenda ni kiherehere. Wazee wetu walilitumia kwa mpapatiko wa moyo, ule mdundo wa mtu angojaye habari. Watu wa siku hizi hulitumia kwa mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu. Naona maana zote mbili zamkaa mwamuzi sawasawa. Moyo wake wapapatika, naye hakuna aliyemwita.

Na neno lenyewe la mwamuzi lafaa kutazamwa. Refa tumeliazima kwa Waingereza pamoja na mpira wao. Lakini mwamuzi ni wetu, na kuamua, kabla hakujawa kukata shauri, kulikuwa ni kuwatenga watu wapiganao. Aliyeamua ugomvi hakukaa kitini akasikiliza hoja. Alijitia kati, akasimama mahali ambapo ngumi za upande huu na za upande ule zinaweza kumfikia. Wengi wa wanafunzi wangu hushangaa niwaelezapo jambo hili. Mimi silishangai tena.

Mchezo huu uliweza kuishi bila ya mtu huyo kwa muda. Kanuni zilizotungwa London mwaka 1863 hazikumtaja mwamuzi hata kidogo. Ilidhaniwa kuwa waungwana watapatana wenyewe. Baadaye kila timu ilileta mtu wake, na mtu wa tatu alikaa nje ya mstari akingoja kuulizwa pale wale wawili waliposhindwa kuelewana. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa ndani ya uwanja akapewa amri, na wale wawili wakasukumwa pembeni wakapewa vibendera. Na katika mwaka ule ule penalti nayo ikaanzishwa. Mambo haya mawili kuzaliwa pamoja si ajabu kwangu. Hata kadi za njano na nyekundu, ambazo mtazamaji huzidhani za kale kama mpira wenyewe, zilitumika katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza huko Meksiko mwaka 1970, kwa fikira za Mwingereza Ken Aston, ambaye mwenyewe aliuamua mchezo wa Chile na Italia mwaka 1962 uliogeuka kuwa vita vya ngumi na mateke. Aliyevumbua kadi alikuwa mtu aliyewahi kusimama katikati ya watu wasiosikilizana. Nami nilikuwa kijana wakati Mmoroko Said Belqola, Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo, alipouamua mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia kule Ufaransa mwaka 1998. Wenzangu walimtazama Zidane. Mimi, sijui kwa nini, nilimtazama yule mtu mwenye kipenga akiingia uwanjani, nikajiuliza kama amekula.

Wataalamu nao wamelitazama jambo hili kwa njia zao. Mwaka 2002 Nevill, Balmer na Williams walichapisha utafiti juu ya waamuzi 40 waliooneshwa picha za mchezo mmoja wa ligi ya Uingereza. Baadhi yao walizitazama pamoja na kelele za watazamaji, na wengine katika kimya. Waliosikia kelele walikuwa na shaka zaidi katika hukumu zao, na waliyahesabu makosa ya timu ya nyumbani kuwa machache kuliko walivyoyahesabu wenzao. Na hao walikuwa wameketi vitini chumbani! Katika viwanja vyetu watazamaji husimama juu ya mstari, na mwamuzi akikimbilia pembeni husikia harufu ya mihogo ya kukaanga iliyo mikononi mwao.

Lakini si kelele tu. Nimefikiri sana kwa nini ninatetemeka uwanjani wala sitetemeki darasani, na naona sababu ni hii. Darasani nikikosea, juma la pili nitasahihisha; na katika fasihi twajivunia kwamba ubeti mmoja waweza kubeba maana tatu, na mwanafunzi aletaye ya nne twampa alama. Uwanjani maana ni moja, nayo yatakiwa sasa hivi, kutoka kwa mtu ambaye anahema na jasho limemwingia machoni.

Aliyenifundisha kuiheshimu hali hii alikuwa mzee mmoja, fundi cherehani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshika kibendera wangu. Tangu mwaka 1996 kanuni zimempa jina la fahari, mwamuzi msaidizi, lakini yeye mwenyewe alilipenda lile la zamani. Mikono yake ilikuwa ikitunga uzi katika tundu la sindano juma zima bila ya kutikisika. Ikifika Jumamosi ilishindwa kufunga kamba za viatu. Mimi ndimi niliyemfungia, nimepiga magoti mchangani, naye akinitazama utosini na kucheka.

"Mzee, miaka yote hii bado?" nilimwuliza siku moja.

"Mwanangu Daktari, mikono hii ikitulia nitakaa nyumbani nishone," alinijibu. "Anayetetemeka huuliza. Yeye atauliza jua liko wapi, atauliza namba tisa anatumia mguu gani, atakuuliza na wewe."

Na ndivyo alivyofanya. Kila kabla ya mchezo alinishika kando, tukapatana: nikifanya hivi maana yake hivi, ukisimamisha kibendera bila ya kukipunga maana yake njoo tuseme. Mimi nilizichukua kuwa ni adabu za wazee.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita upesi, lakini ndipo penyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilipewa nusu fainali ya mashindano ya kata, ambayo tuzo lake lilikuwa ng'ombe mmoja na seti ya jezi. Juma lile lilikuwa la heri kwangu. Nilikuwa nimepandishwa cheo chuoni, na mchana wa siku ile nilialikwa arusini, nikala pilau mpaka nikashiba. Jambo ambalo, kama nilivyosema, halijapata kutokea siku ya mchezo. Nilifika uwanjani robo saa kabla ya kuanza. Moyo wangu ulikuwa shwari. Nilistaajabu, kisha nikajipongeza, nikadhani kuwa sasa nimekomaa, kwamba kiherehere ni ugonjwa wa wanafunzi na mimi nimehitimu. Milingoti sikuisukuma. Mzee alinijia aseme nami, nikamwambia, "Mzee wangu, leo hatuna haja, twajuana." Aliniamkulia kwa kichwa akaenda upande wake. Kamba za viatu vyake sikuzitazama.

Dakika chache kabla ya kwisha timu zilikuwa sawa, bila kwa bila. Mpira mrefu ulipigwa. Mshambuliaji akaukimbilia, mlinda lango naye akautokea. Mlinda lango huyu alikuwa kijana wa miaka 17, mtoto wa mama auzaye maandazi karibu na uwanja ule ule. Wakakutana, vumbi likapanda, mshambuliaji akaanguka. Mimi nilikuwa hatua thelathini nyuma. Nililiona vumbi na nikamwona mtu chini. Nikapuliza, nikanyosha mkono kwenye alama ya penalti, nikamtolea kijana kadi ya njano. Na nilifanya yote hayo kwa utulivu mwingi, kama mtu asahihishaye insha ya mwanafunzi.

Msomaji asiyezijua kanuni ajue hili: kanuni ya 5 yamruhusu mwamuzi kugeuza hukumu yake maadamu mchezo haujaanzishwa tena. Kati ya kipenga changu na lile teke zilipita dakika mbili kwa kadiri. Dakika mbili nzima nilizipewa. Nilizitumia kuwasukuma wachezaji nje ya eneo na kuwaonya wenye maneno, mgongo wangu ukiuelekea mstari wa mzee. Penalti ikapigwa. Kijana hakuruka upande wowote. Alisimama wima, mikono ikining'inia, akanitazama mimi wala hakumtazama mpigaji, na mpira ukapita karibu na mguu wake.

Jioni, ndani ya daladala, mzee alinyamaza vituo vitatu. Kisha akasema, "Mpira aliugusa, Daktari. Kwa vidole. Uligeuka ukaenda kando kabla yule hajaanguka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisimamisha kibendera mpaka mkono ukafa ganzi."

Hofu ile niliyoikosa saa kumi alasiri ilinijia saa moja usiku, wakati haina kazi tena. Niliposhuka miguu ilikuwa ikitetemeka. Hata hivyo nilifika nyumbani nikaandika ripoti ya mchezo, na katika mahali pa penalti niliandika kwamba ilikuwa halali. Mkono wangu ndio ulioandika, na mwandiko ni mzuri.

Ningeliweza kujifariji kwamba waamuzi wote hukosea, kama si yaliyofuata. Majuma mawili baadaye mwanafunzi wangu mmoja akaaye mtaa ule alinisimulia kwa mzaha kwamba mlinda lango wao ameuza mchezo. Ushahidi? Hakuruka. Mtu ambaye hakula fedha angaliruka, walau kwa kujifanya. Walimnyang'anya glavu, maana zilikuwa mali ya timu, na watu wakaacha kununua maandazi ya mama yake kwa muda wa siku kadhaa, mpaka njaa ikawashinda.

Nilikwenda kwa kiongozi wa timu. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti na soda, nami nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba kijana alishikwa na bumbuwazi tu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuheshimu, Daktari," alisema, "lakini neno hili lisitoke hapa. Ukisema ulikosea, vijana watasema uliyehongwa ni wewe. Wakisema hivyo, nitawazuiaje wasikufuate? Kijana huyu ni wetu, tutamaliza naye wenyewe."

Nikanywa soda yangu. Sikubishana naye. Nilijiambia kwamba nimekwisha kutimiza wajibu, na kwamba mwenyeji ayajua ya mtaani kwake. Lakini kweli ni kwamba nilipoondoka pale niliona nafuu, na nafuu ile ndiyo inayonisumbua kuliko penalti. Ripoti yangu ilikuwa bado iko katika ofisi ya mashindano. Ningeliweza kuandika ya pili. Mtu wa kalamu, mwenye shahada ya tatu, alishindwa kuandika mistari mitano.

Tangu siku ile sijapata tena kutulia kabla ya mchezo, wala sijaomba kutulia. Sisemi kwamba hofu ingeniokoa siku ile. Yamkini ningelikuwa natetemeka na bado nisione vidole vya yule kijana katika vumbi. Lakini ningeligeuka kumtazama mzee. Hilo nalijua, kwa sababu siku zote nyingine niligeuka.

Mzee amestaafu mwaka jana kwa ajili ya magoti. Bado anashona. Mahali pake nimepewa kijana mwembamba aliyetoka kwenye mafunzo juzi, na katika mchezo wake wa kwanza nilimkuta nyuma ya mwembe akitapika. Nilimpa maji asukutue. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu, samahani, sijui nina nini." Nikamwuliza namba tisa wa timu ya mashariki anatumia mguu gani, naye akanijibu papo hapo: wa kushoto. Alikuwa amekwisha kuuliza.

Leo ni Ijumaa. Mchana nimepokea orodha ya wachezaji wa kesho, na jina la kwanza katika orodha ya timu moja, jezi namba 1, nalijua. Ana miaka ishirini sasa, na anachezea mtaa mwingine, mbali na kwao. Nilichukua simu nimwombe katibu wa mashindano anibadilishie mchezo, nikaiweka chini. Nguo nimekwisha kuzinyoosha. Mke wangu ameondoa chakula cha jioni kama kilivyo.

Mchezo ni saa kumi. Kwa desturi mimi hufika saa tisa. Lakini walinda lango hutangulia watu wote, kwa kuwa hupenda kuutazama mchanga wao na kuutoa mawe kungali hakuna mtu. Nitatoka nyumbani saa saba na nusu.